Mlinzi wa Lango Naye Ahitaji Mlinzi

Ukitembea katika mitaa ya Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Lang'ata, kuanzia Kahawa hadi Dagoretti, hutakosa kuuona ule ubao mdogo uliopigiliwa misumari langoni: "Mbwa Kali". Walimu wa sarufi wamelalamika tangu tukiwa shule ya msingi kwamba mbwa ni mkali wala si kali, lakini ubao huo haujali upatanisho wa kisarufi. Kazi yake ni moja tu, kumtisha mwizi, na mwizi hana nafasi ya kusahihisha insha.

Ubao huo humpa mgeni habari za mbwa. Mwenye mbwa je, humwambia nini? Haumwambii kitu. Haumwambii mnyama aliye nyuma ya lango hilo alichanjwa lini, alipewa dawa ya minyoo lini, analala pakavu au matopeni, na maji yake yalibadilishwa leo au juzi. Msomaji mpendwa, hayo ndiyo ninayotaka tuzungumze Jumapili hii, maana mbwa wa mjini haugui kiholela. Aghalabu huugua kwa majira. Aila inayoyafuata majira hayo humwokoa mbwa wake kwa gharama ndogo, na pamoja na mbwa, huwaokoa watoto wa mtaa mzima.

Mgonjwa asiyesema

Nimeishi na mbwa tangu utotoni. Nyumbani kwa baba yangu, katika mtaa mmoja wa Eastlands, mbwa alikuwa askari asiye na mshahara. Alipewa ukoko wa ugali na mifupa, akalala mlangoni, na alipougua ilisemwa kwamba mbwa hujitibu mwenyewe kwa kula nyasi. Akipona, alisifiwa. Akifa, alitafutwa mwingine. Sisemi hayo kwa kumlaumu mzee wangu. Ndivyo walivyofanya majirani wote, na daktari wa mifugo tuliyemjua sisi alikuwa wa ng'ombe, huko mashambani.

Leo nina watoto watatu, na uani mwetu, pembezoni mwa jiji upande wa Kikuyu, wapo mbwa wawili, Simba na Bosi, na paka ambaye watoto humwita Malkia kwa ajili ya maringo yake. Daktari wao ni mama mmoja wa makamo aliyesomea Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku ya kwanza alipofika kwetu, kabla hata ya kufungua mkoba wake, aliomba kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu.

"Mzee," akaniambia, "mgonjwa wangu hasemi. Kwa hivyo mimi huiuliza mvua."

Akaipitia miezi mmoja mmoja, akizungushia duara hapa na kuandika neno pale, huku binti yangu mkubwa akimtazama kwa makini. Tangu siku hiyo, kila Januari binti huyo ndiye anayeinakili kalenda ya mbwa. Mengi ninayoyaandika hapa yametoka katika kalenda hiyo. Mengine tumeyaona kwa macho yetu.

Kiangazi: Januari na Februari

Binadamu akisikia joto hutokwa na jasho mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo. Jasho lake ni kidogo tu, kwenye nyayo, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema ulimi ukiwa nje. Kwa sababu hiyo, mbwa aliyefungwa mnyororo juani, au aliyefungiwa katika kibanda cha mabati adhuhuri ya Februari, ni kama aliyetiwa katika tanuri. Kibanda kiwe kivulini, na maji yawe mengi, katika chombo kizito asichoweza kukipindua, yabadilishwe asubuhi na jioni.

Matembezi yafanyike alfajiri au jioni, kwani lami iliyopigwa na jua huunguza nyayo. Na kamwe usimwache mbwa ndani ya gari lililofungwa madirisha, hata ukisema unaingia dukani mara moja tu. Ukimwona anahema kupita kiasi, udenda unamtoka, fizi zimekuwa nyekundu sana na anapepesuka, usingoje. Mpeleke kivulini, mmiminie maji ya kawaida mwilini, mpepee, kisha mwite daktari.

Januari ni mwezi wa karo na sare za shule, na kila mzazi anaujua uchungu wake. Daktari wetu analijua hilo pia. Ndiyo maana chanjo za marudio aliziandika Februari, mfuko ukiwa umepata nafuu na mvua haijaanza.

Masika: Machi hadi Mei

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye mbwa naye akiyaona mawingu ya Machi hufanya mambo manne.

La kwanza ni kujiuliza kama watoto wa mbwa wamechanjwa. Ugonjwa unaoua vilebu wengi mijini ni parvo. Virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi, na huingia uani kwa soli za viatu vyetu wenyewe. Kwa hivyo kilebu ambaye hajavuka lango tangu azaliwe aweza kuupata. Hukataa chakula, hutapika, kisha huhara damu yenye harufu mbaya, na huweza kufa katika siku chache. Hakuna dawa inayoviua virusi hivyo mwilini. Daktari humwongezea mgonjwa maji kwa dripu na kumzuilia maradhi mengine, mwili ujipiganie wenyewe.

Kinga ipo. Chanjo huanza kilebu akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, hadi afikishe wiki 16. Wengi hupeleka mara moja tu, kisha hushangaa mbwa akiugua. Sababu ni hii: kinga aliyoipata kilebu katika maziwa ya mama yake huweza kuizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye ni wiki gani kinga hiyo itakapokwisha. Ndiyo maana chanjo hurudiwa. Na kama mbwa aliyetangulia alikufa kwa parvo, usilete mwingine kabla ya kuosha sakafu na vyombo kwa klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu thelathini za maji.

La pili ni maji yaliyotuama. Panya hukojoa ndani yake, na katika mkojo huo mna vijidudu vya leptospirosisi, maradhi yanayoharibu ini na figo za mbwa, na ambayo humpata binadamu vilevile. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha jinsi maji ya mitaro yanavyoweza kuingia hadi sebuleni. Zibua mitaro, funika taka, na umuulize daktari kuhusu chanjo yake.

La tatu ni siafu. Wakazi wa Kabete, Kikuyu na Karen wanawajua. Mvua ikisha kunyesha, jeshi hilo hutoka ardhini usiku na kufuata chochote chenye uhai. Usiku mmoja wa Aprili tulimsikia Bosi akibweka kwa sauti tusiyoizoea. Tulipomulika tochi tulikuta kibanda chake kimekuwa cheusi kwa siafu, naye amesimama kwenye ngazi za mlango wa jikoni, akijitafuna miguu. Aliponea kwa kuwa hakuwa na mnyororo. Jirani yetu wa nyuma aliamka akakuta sungura wake wote ni mifupa. Kama ni lazima mbwa afungwe mchana, afunguliwe usiku ndani ya ua. Mbwa aliyefungwa hawezi kumlinda mtu dhidi ya mwizi, wala kujilinda yeye mwenyewe dhidi ya siafu.

La nne ni unga. Unyevu wa masika huotesha ukungu kwenye mahindi, na aina fulani ya ukungu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani, sumu hiyo iliwaathiri watu 317, na 125 kati yao wakafariki. Ini la mbwa nalo huharibiwa vibaya na sumu iyo hiyo. Hata hivyo, wako watu ambao unga ukianza kunuka husema, "Huu wapikieni mbwa." Unga usiofaa kwa mtoto haufai kwa mbwa. Mahali pake ni shimoni.

Baridi: Juni hadi Agosti

Wageni wa Nairobi hudhani nchi ya ikweta haina baridi. Waje Julai, asubuhi, ukungu ukiwa umeshuka na manyunyu yasiyokwisha. Mbwa mzima mwenye manyoya huvumilia. Wanaoteseka ni vilebu, mbwa wenye manyoya mafupi na wazee wenye viungo vinavyouma. Simba wetu ana miaka kumi na moja, na Julai huinuka kwa awamu kama babu aliyekaa sana kwenye kigoda.

Kibanda kiinuliwe kutoka chini kwa matofali au mbao, mlango wake usielekee upepo, na gunia la kulalia lianikwe kila jua litokapo. Gunia lenye unyevu ni baya kuliko sakafu tupu. Mbwa akianza kukohoa kikohozi kikavu, kama aliyekwamwa na mfupa, mtenge na wenzake, kwani kikohozi hicho huambukiza haraka. Paka nao hupenda kujificha kwenye injini ya gari iliyo na joto bado, hivyo gonga boneti kabla ya kuwasha gari asubuhi.

Hapa kuna mambo mawili yanayoua. Moja ni jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo haimchagui mtu wala paka. La pili ni huruma isiyo na elimu. Mtu humwona paka wake ananyong'onyea, akampa kidonge cha Panadol. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni nazo huharibu tumbo na figo za mbwa. Dawa ya mnyama itoke kwa daktari wa mnyama.

Duara la Septemba 28

Katika kalenda yetu kuna tarehe moja iliyozungushiwa duara mara mbili. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2007. Ni siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa ambaye mwaka 1885 alimdunga chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo alipona.

Wa mtaani kwetu pia alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Septemba 2019. Mvulana huyo wa jirani alikuwa akifuata mpira barabarani alipoumwa mguuni na mbwa. Mbwa mwenyewe hakuwa koko. Alikuwa wa nyumba nzuri mwisho wa barabara yetu, yenye lango la chuma na ubao wake. Jeraha lilikuwa dogo, alama mbili za meno, na mtoto alinyamaza akiogopa kugombezwa. Binti yangu ndiye aliyetuambia jioni, nasi tukaenda kwao.

"Ni mkwaruzo tu," akasema baba ya mtoto. "Tutampaka spiriti."

"Shemeji," mke wangu akamjibu, "spiriti baadaye. Kwanza tumwoshe."

Akachukua kipande cha sabuni, akauweka mguu wa mtoto chini ya bomba, akaosha kwa dakika 15 kamili, saa ikiwa mkononi. Huo ndio ushauri wa wataalamu duniani kote. Sabuni na maji mengi huua na kuondoa virusi vingi kabla havijafika kwenye mishipa ya fahamu. Kisha tukaenda hospitali. Ya kwanza haikuwa na chanjo. Ya pili ilikuwa nayo, na usiku ule ule mtoto akadungwa sindano ya kwanza na kupewa ratiba ya zilizobaki.

Asubuhi tulimwendea mwenye mbwa. Alitupokea kwa heshima, lakini akasema mbwa wake hatoki nje na hana ugonjwa wowote. Tulipomwomba kadi ya chanjo, hakuwa nayo. Vijana wa mtaa walitaka mbwa auawe papo hapo. Daktari wetu alikataa. Alisema afungiwe peke yake, achungwe kwa siku kumi. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku alipouma huonyesha dalili na kufa ndani ya muda huo. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, basi siku ile hakuwa na cha kuambukiza.

Siku ya nne mbwa alikataa chakula. Sauti yake ikabadilika ikawa ya kukwaruza, taya likalegea, udenda ukawa unachuruzika. Siku ya sita akafa. Wataalamu walichukua kichwa chake kwa uangalifu hadi maabara ya mifugo ya Kabete, na jibu likarudi kwamba ni kichaa cha mbwa. Watu watano wa nyumba ile, pamoja na dada wa kazi aliyekuwa akimlisha, walilazimika kudungwa sindano pia. Mvulana wetu alizimaliza zake zote. Leo yuko sekondari, na bado hufukuza mpira.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa binadamu, hakuna tiba. Karibu kila aliyefika hapo hufariki. Dalili zenyewe kwa kawaida huja baada ya miezi miwili au mitatu, wakati jeraha limepona na watu wamesahau. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 kwa mwaka, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Hapa Kenya ugonjwa ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Mwaka 2014 serikali ilianzisha mpango wa kuumaliza kwa binadamu ifikapo 2030, ikianzia kaunti tano: Makueni, Machakos, Kitui, Siaya na Kisumu. Msingi wa mpango huo ni hesabu nyepesi. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Wala si serikali pekee inayoifanya hesabu hiyo. Kila lango lenye mbwa asiyechanjwa ni tundu katika ua wa taifa zima. Chambilecho wahenga, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vuli: Oktoba hadi Desemba

Mvua za vuli huleta kupe. Kupe wa kahawia apendaye mbwa ana tabia ya ajabu: akishiba damu huachia, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai katika nyufa. Ukimwogesha mbwa dawa na kukiacha kibanda, umefanya nusu ya kazi. Nyunyizia kibanda na uzibe nyufa. Kupe huleta homa. Mbwa hukataa kula, fizi hupauka, na mkojo huweza kuwa mwekundu mweusi kama chai ya rangi. Akifika hapo ahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukaichanganya kwa kukisia, kwani kipimo kikizidi hudhuru. Tena soma maandishi ya kila dawa ya kupe na viroboto kabla ya kuitumia. Iliyo na pamethrini yaweza kumfaa mbwa lakini ikamuua paka.

Dawa ya minyoo mbwa mzima apewe kila miezi mitatu, na vilebu mara nyingi zaidi, maana wengi huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, na mtoto achezaye mchangani huweza kuyameza. Isitoshe, yale mapafu na maini tunayowanunulia mbwa kwenye buchari yachemshwe vizuri. Nyama mbichi ya aina hiyo huweza kumpa mbwa tegu mdogo ambaye mayai yake humletea binadamu uvimbe mkubwa wa maji ndani ya ini au mapafu. Wenzetu wa Turkana wameteseka na maradhi hayo kwa miaka mingi.

Kisha Krismasi hufika na watu hufunga safari za mashambani. Mbwa hawezi kujifungulia mlango wala kufungua bomba. Aachiwe mtu, si sufuria ya ugali wa siku tano. Na kama ni jike, kumbuka kwamba hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, na hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Huishia kuwa na vilebu sita au wanane wasio na wenyewe, na wengi wao hutupwa mitoni ndani ya magunia. Wanaobaki huwa mbwa koko, wasiochanjwa na mtu. Kumfunga kizazi ni upasuaji wa mara moja tu. Chama cha kulinda wanyama cha KSPCA, chenye makao yake Karen, kimeshughulika na kazi hiyo kwa muda mrefu.

Nani wa kuaminiwa?

Daktari wa mifugo halali husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011. Una haki ya kumwomba cheti, naye asiyekasirika ndiye wa kweli. Tazama pia anavyobeba chanjo. Chanjo ni lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, yaani katika friji au kisanduku chenye barafu. Anayeitoa mfukoni mwa koti anakuuzia maji. Akimaliza, adai kadi na kuandika tarehe na kubandika karatasi ya chupa. Kadi hiyo ndiyo ushahidi wako mtoto wa jirani akiumwa, maana nchi hii ina sheria maalumu ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365.

Najua atakayesema, "Ndugu mwandishi, mimi nina karo na kodi ya nyumba, wewe waniambia habari za mbwa." Nakubali. Lakini fanya hesabu. Chanjo ya mbwa mmoja ni sindano moja kwa mwaka. Mtoto mmoja aliyeumwa ni sindano kadhaa, nauli za kwenda na kurudi, na usiku mwingi wa wasiwasi. Na mara kwa mara, hasa karibu na Septemba 28, kaunti na mashirika huendesha chanjo bila malipo uwanjani au kwa chifu. Uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe.

Kwa vijana wa shule mnaosoma ukurasa huu, kazi ya kalenda ni yenu. Chukueni kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Andikeni chanjo Februari, kibanda Juni, kupe Oktoba, na dawa ya minyoo kila mwezi wa tatu. Kisha mwulizeni baba au mama kadi ya chanjo iko wapi. Na mkiumwa au kuparuzwa na mbwa au paka, awe wenu au wa jirani, semeni siku hiyo hiyo. Hakuna mzazi mwenye busara atakayewagombeza. Sabuni, maji, dakika 15, kisha hospitali.